Trufeli za silosaibini: bluu si ukungu, na wala si nguvu

Anayefungua pakiti ya trufeli za silosaibini, yaani zenye kemikali inayobadili fikra na hisia za mtu, kwa mara ya kwanza aghalabu hushtuka. Anakuta vinundu vya kahawia vyenye mabaka ya bluu na unyevunyevu, pengine na manyoya meupe pembeni, na papo hapo anaanza kuulizia kama zimeoza. Majibu atakayopewa ni ya kila aina, na mengi yana kosa lilelile: yanachanganya maswali mawili. Je, kitu hiki bado ni salama kuliwa? Je, kemikali iliyomo bado ina nguvu? Kipande kinaweza kupoteza nguvu kikabaki salama, na kinaweza kujaa nguvu huku kimeshaoza.

"Ni trufeli, kwa hiyo zitunzwe kama zile za wapishi."

Jina limekosewa tangu mwanzo. Trufeli za wapishi ni matunda ya fangasi wa jenasi Tuber, yanayokua ardhini karibu na mizizi ya miti. Hizi nyingine ni sklerotia: vinundu vigumu ambavyo nyuzi za uyoga wa Psilocybe huvijenga kama ghala la akiba, ili zivuke kipindi kigumu. Si kila Psilocybe hufanya hivyo. Zinazojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Psilocybe mexicana na Psilocybe tampanensis, ambayo iliokotwa karibu na Tampa, Florida, mwaka 1977.

Sheria nayo imechangia umaarufu wake. Uholanzi ilipopiga marufuku uyoga wenye silosaibini tarehe 1 Desemba 2008, orodha ilitaja uyoga na kuziacha sklerotia nje. Ndiyo maana maduka ya huko yanayoitwa smartshop huziuza waziwazi, zikiwa mbichi, ndani ya pakiti zilizofyonzwa hewa. Kwingineko habari ni tofauti: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili umeweka silosaibini, na silosini ambayo silosaibini hugeuka kuwa, katika jedwali la kwanza, lenye udhibiti mkali zaidi, na katika nchi nyingi, Ujerumani na Ubelgiji zikiwemo, kukutwa nazo ni kosa. Pakiti halali ya Amsterdam hugeuka kesi ukishavuka mpaka.

La kushika kwa ajili ya utunzaji ni kwamba sklerotia mbichi iko hai. Inavuta oksijeni, inatoa hewa ya kaboni na unyevu, na ikipata joto huweza kuanza kuchipuza nyuzi upya.

"Bluu ni ukungu." Na ndugu yake: "Bluu zaidi, nguvu zaidi."

Zote mbili si kweli, ila ya pili ndiyo inayodanganya wajuzi. Kipande kikiminywa au kukatwa, seli hupasuka na vimeng'enya vilivyotengwa hukutana na silosaibini. Kikundi cha watafiti wa Jena, Ujerumani, kilieleza hatua hizo mwaka 2020: kimeng'enya kimoja huondoa fosfeti na kuigeuza silosaibini kuwa silosini, kingine huioksidisha silosini, na molekuli zake huungana kuwa minyororo yenye rangi ya bluu. Kwa hiyo bluu unayoiona ni silosini iliyokwisha kutumika. Inathibitisha kwamba ilikuwemo, haikuambii iliyobaki ni kiasi gani.

Kutofautisha si kugumu sana. Bluu ya mchubuko imo ndani ya nyama yenyewe, na ukipangusa kwa karatasi haitoki. Ukungu hukaa juu kama unga au manyoya ya kijani, kijivu au meusi, na huacha alama kwenye karatasi.

"Manyoya meupe ni nyuzi zake tu, kula bila wasiwasi."

Hapa ukweli ni nusu. Nyuzi za uyoga wenyewe ni nyeupe, na zinaweza kuota juu ya kipande kilichopata hewa na joto. Lakini ukungu mwingi pia huanza ukiwa mweupe, na rangi huja baadaye unapotoa vijimbegu. Kwa macho matupu hakuna anayeweza kuapa. Msimamo wangu ni kutupa, na kutupa pakiti nzima badala ya kukata palipoota, maana katika chakula chenye maji nyuzi za ukungu husafiri ndani mbali kuliko unapoona.

"Pakiti ikifura ni hewa ya kawaida." "Isiponuka ni salama."

Kufura kidogo kunaweza kweli kutokana na kupumua kwa sklerotia. Kufura hadi pakiti ikawa kama mpira, pamoja na utelezi au harufu ya uvundo, ni kazi ya bakteria. Kuonja ili kupima ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu hata zikiwa freshi kabisa zina ukakasi na uchachu. Ulimi hauna pa kulinganishia.

Kisha kuna hatari isiyonuka. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hupenda mahali penye unyevu pasipo na oksijeni, na pakiti iliyofyonzwa hewa ni mahali hasa pa namna hiyo. Sumu yake haina lazima ya kubadili harufu wala sura ya chakula. Kinachomzuia ni baridi: aina zake zinazovumilia baridi zaidi huweza kukua kuanzia nyuzi joto 3 hivi. Basi sehemu ya pakiti ni upande wa baridi kabisa wa friji, si kwenye mlango unaofunguliwa kila saa. Na tarehe iliyochapwa, ambayo wengine huiona ujanja wa wauzaji, inahesabu pakiti isiyofunguliwa iliyokaa baridini muda wote. Iliyoshinda siku nzima kwenye begi juani imeshajiandikia tarehe yake. Ikifunguliwa, hesabu ni ya siku chache, si wiki.

"Friza huhifadhi kila kitu."

Nyama, ndiyo. Maji yakiganda ndani ya seli hutengeneza fuwele zinazorarua kuta, na kipande kikiyeyuka vile vimeng'enya tulivyovitaja hupata njia wazi. Unatoa tope la bluu. Utafiti wa Prague uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa kwa uyoga wa Psilocybe cubensis, ulikuta kwamba uyoga mbichi uliogandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri ulipoteza zaidi kuliko ule uliokaushwa na kuwekwa gizani kwenye joto la kawaida la chumba. Bila maji, vimeng'enya havifanyi kazi. Kuvitumbukiza kwenye asali nako si njia ya mkato: kipande kibichi huachia maji yake, asali inalegea, na inaweza kuchacha.

Ila kukausha kuna mtego wake. Maji yakitoka, gramu moja ya kikavu hubeba kemikali nyingi kuliko gramu moja ya kibichi, na anayepima kwa mazoea ya mbichi hujizidishia bila kujua.

"Zimekaa sana, zimepungua nguvu, kwa hiyo ongeza."

Hii ndiyo ninayoiogopa. Hakuna sura, harufu wala umri unaokuambia nguvu iliyobaki. Hata vinundu vya pakiti moja hutofautiana. Dalili zinaweza kuchelewa hadi saa nzima, na aliyeshaamini kwamba zimechakaa huongeza kabla kiasi cha kwanza hakijaanza kufanya kazi. Ufreshi pia haubadili lolote kwa mwenye historia ya saikosisi (maradhi ya akili ya kupoteza uhalisia), yeye au familia yake, wala kwa anayetumia dawa ya lithiamu, mchanganyiko unaohusishwa na degedege.

Kichefuchefu katika saa ya kwanza ni kawaida ya silosaibini, na hupita. Kisicho kawaida ni kuhara na kutapika kunakoendelea kesho yake. Na kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, kushindwa kumeza au kupumua kwa shida, hata siku kadhaa baadaye, ni dalili za sumu ya botulinum: piga 112 ukiwa Uholanzi, na pakiti iliyobaki usiitupe, iende nawe hospitali.