Leo hatupandi miti

"Mwalimu, leo tunapanda miti mingapi?"

Kila Jumamosi lazima mtu aniulize hivyo tukikutana kando ya Mto Kirichwa Kubwa, ndani ya Arboretum ya Nairobi. Nikijibu "hata mmoja", nyuso zinanywea. Watu wamedamka kwa hamu ya kupigwa picha na mche, nami nawagawia sururu.

Bustani hii ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni, hasa ile ya kukua haraka, maana garimoshi lilitaka kuni. Kwa hiyo mkaratusi uliozeeka pale hatuugusi, nao ni sehemu ya historia. Tunayepambana naye ni lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia ardhi, aliyeziba ukingo wa mto hadi hata kidudu kinatafuta njia.

Ukiifyeka lantana kwa panga umeipogoa tu: mvua ya kwanza, shina moja linakuwa matano. Fukua udongo kuzunguka kisiki mpaka uone mahali shina linapokutana na mizizi, kisha kata chini ya hapo. Kisiki kianike juu ya jiwe, mizizi ikitazama jua. Ukikiacha kwenye udongo mbichi kitashika tena. Halafu rudi hapo hapo msimu ujao, na ule unaofuata, kwa sababu ndege hula zile tunda nyeusi na kuzisia upya bila kutuomba ruhusa.

Mwaka wangu wa kwanza niling'oa ukingo mzima mwezi Machi. Nilijiona shujaa! Masika yalipoanza, udongo ukateremka mtoni, nikabaki nikitazama korongo jekundu. Siku hizi tunakwenda kwa vipande vya mita chache, na matawi yasiyo na mbegu tunayalaza kukingama mteremko ili maji yapunguze mbio. Kipande kikitulia ndipo tunapanda: mkuyu karibu na maji, kwa kuwa mizizi yake hushikilia ukingo barabara, juu kidogo muiri, ule ambao gome lake hutengenezwa dawa ya tezi dume, pamoja na muthiga. Miche hiyo nayo hupaliliwa, la sivyo lantana huifunika ungali unaitafutia jina.

Jumamosi hii njooni na glavu ngumu na shati la mikono mirefu. Vijiti vya lantana vina miiba midogo iliyopinda, na mikwaruzo yake huwasha hadi usiku. Sururu zipo.