Kaliba ndogo kwa kulungu: yanayosemwa kuhusu vichwa vya risasi, na ukweli wake

Ubishi kuhusu kuwinda kulungu kwa .223 Remington na risasi nyingine za kaliba ndogo (yaani za kipenyo kidogo) hauishi, na mara nyingi huwa juu ya jambo lisilo na uzito. Mmoja anasema kaliba hii humtesa mnyama tu. Mwingine anajibu kwamba amekwisha angusha wengi nayo. Wote wawili huenda wanasema kweli, kwa kuwa hawajatajiana kichwa walichotumia. Risasi moja ina ganda, fataki, baruti na kichwa. Kinachoingia mwilini mwa mnyama ni kichwa peke yake, na katika kaliba ndogo kichwa kikichaguliwa vibaya hakuna uzito wala kipenyo cha ziada cha kufidia kosa hilo.

"Kaliba ya .22 ni .22 tu, zote ni sawa"

Kwa kipenyo zinakaribiana kweli: kichwa cha .22 LR na cha .223 Remington vyote vina takriban milimita 5.7. Ila .22 LR husukuma kichwa cha gramu 2.6 kwa karibu mita 370 kwa sekunde, na nguvu yake mdomoni mwa mtutu haifiki jouli 200. Kichwa cha kawaida cha .223, cha gramu 3.56 (greini 55; greini ni kipimo cha uzito wa vichwa), hutoka kwa karibu mita 987 kwa sekunde kikiwa na jouli kama 1,740. .22 LR si ya kulungu hata kidogo, na mjadala uishie hapo. Kinachozungumzwa katika makala haya ni .223, .22-250 na kwa kiasi fulani .243 Winchester, ambayo kwa kichwa cha gramu 6.5 (greini 100) hufikia jouli 2,600 hivi. .243 ndiyo wengi huiona kuwa mwanzo wa kaliba za kulungu zisizo na wasiwasi.

"Kasi ndiyo inayoua, kichwa chochote kitafanya kazi"

Hii ndiyo dhana inayojeruhi wanyama wengi zaidi. Inatokana na ukweli nusu: kichwa chepesi chenye kasi kubwa kikimpiga mnyama mdogo kama mbweha, humlaza palepale. Lakini vichwa vile vimeundwa kwa kazi hiyo. Koti lake la shaba, yaani kifuniko cha nje, ni jembamba, ncha yake ni ya plastiki au ina tundu, na kiini chake ni madini laini ya risasi. Kikigusa tu mwili huvunjika vipande vidogo. Kwa mbweha, sentimita chache za kupenya zinatosha. Kwa kulungu, kichwa hichohicho kikikuta mfupa wa bega huweza kuishia palepale: jeraha pana la juu juu, nyama imesagika, mapafu hayajaguswa. Mnyama hukimbia na kufa siku za baadaye, au asife kabisa akabaki kilema.

Kulungu hufa kwa sababu damu na hewa havifiki tena kwenye ubongo. Ili hilo litokee haraka, kichwa lazima kipite kwenye mapafu yote mawili, au moyo, au mishipa mikubwa iliyo juu ya moyo. Mtikisiko wa kasi kubwa upo, ila mapafu hunyumbuka na kurudi mahali pake, kwa hiyo usiutegemee kufanya kazi ambayo tundu halikuifanya.

Kichwa cha kaliba ndogo kinachofaa kulungu lazima kifanye mambo mawili yanayovutana: kichanue (kipanuke kikigusa mwili) na bado kiendelee kupenya. Watengenezaji wamelifikia hilo kwa njia tatu. Ya kwanza ni kugawa kiini kwa ukuta wa shaba katikati, ili nusu ya mbele ichanue na ya nyuma ibaki nzima. Nosler Partition ya greini 60 imejengwa hivyo. Ya pili ni kuunganisha koti na kiini visiachane. Federal Fusion ya greini 62 ni mfano. Ya tatu ni kuacha madini ya risasi kabisa na kutengeneza kichwa chote kwa shaba, kama Barnes TSX. Nje ya hizo tatu kuna vichwa vya ncha laini (madini ya risasi yako wazi nchani) vya mtindo wa kale lakini vyenye koti nene, kama Winchester Power-Point ya greini 64, ambavyo bei yake huwa nafuu na kazi yake si mbaya hata kidogo.

Soma kasha. Ukiona picha ya mbweha, au neno lolote la kusifu kupasuka na kusambaratika, liweke chini.

"Koti kamili hupenya zaidi, kwa hiyo ni bora"

Kupenya kunapenya. Tatizo ni kwamba kichwa kilichofunikwa koti zima hakichanui. Kinaweza kutoboa tundu jembamba kama penseli na kutokea upande wa pili, mnyama akakimbia mbali huku akivuja damu kidogo sana. Wakati mwingine, kikipiga karibu na kwa kasi kubwa, huyumba ndani ya mwili na kukatika vipande. Huwezi kujua mapema kitafanya lipi kati ya hayo. Ndiyo maana sheria za nchi na majimbo mengi hukataza kuvitumia kwa wanyama wa jamii hii.

Vichwa vya mashindano ya shabaha navyo huwekwa kwenye kapu hilohilo, ingawa wengi hawaamini. Vina tundu dogo nchani, kwa hiyo mtu hudhani vitachanua. Tundu lile ni matokeo ya namna koti linavyofungwa wakati wa kutengeneza. Halikuwekwa ili kuchanua. Kichwa cha mashindano cha greini 77 hutoboa karatasi kwa uhodari mkubwa, ila ndani ya kulungu tabia yake haitabiriki.

"Kizito zaidi ni salama zaidi"

Kwa ujenzi uleule, ndiyo, kizito hupenya zaidi. Lakini greini 64 za ncha laini zilizoundwa kwa kulungu ni bora kuliko greini 69 za mashindano. Na kuna kikwazo kingine: mtutu wako.

Mistari ndani ya mtutu huzungusha kichwa ili kiruke kimenyooka. Kichwa kirefu huhitaji msokoto wa kasi zaidi, yaani mzunguko mmoja ukamilike ndani ya urefu mfupi. Tunasema kirefu, kwa sababu urefu ndio unaoamua, si uzito. Bunduki nyingi za zamani za .22-250 zina mzunguko mmoja kwa inchi 14 (sentimita 35.6) na kwa kawaida hazivuki greini 55. Msokoto wa inchi 9 hubeba vichwa vya greini 60 hadi 69 bila taabu, na wa inchi 8 au 7 hubeba hata 77.

Kama msokoto haukuandikwa kwenye mtutu, upime mwenyewe. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, kisha ingiza fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka, ikiwa na kitambaa kinachobana vizuri. Weka alama juu ya fimbo, isukume polepole, na upime ilikosogea hadi alama imerudi juu mara moja. Rudia mara mbili tatu, maana kitambaa kikiteleza kipimo kitakudanganya.

Dalili ya msokoto usiotosha ni tundu la mviringo uliorefuka kwenye karatasi, kana kwamba kichwa kimepita ubavu. Ukiliona hata moja, kichwa hicho si cha mtutu huo.

Hapa ndipo vichwa vya shaba tupu huwashangaza watu. Shaba ina uzito wa gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo, madini ya risasi 11.34. Kwa uzito uleule, kichwa cha shaba huwa kirefu zaidi, na huhitaji msokoto ambao ungetumia kwa kichwa kizito zaidi cha kawaida. Habari njema ni kwamba shaba hubaki na karibu uzito wake wote baada ya kupiga, kwa hiyo greini 50 au 55 za shaba hufanya kazi ambayo vinginevyo ungeitafutia greini 60 na kitu. Ila shaba ni ngumu na huhitaji kasi ili ichanue. Vichwa vingi vya aina hii huanza kusitasita kasi ikishuka chini ya mita 550 hadi 600 kwa sekunde.

"Inafika mita 300, kwa hiyo inaua mita 300"

Chukua tena greini 55 za .223 zinazotoka kwa mita 987 kwa sekunde. Kwa kichwa cha kawaida cha ncha laini, zikifika mita 183 (yadi 200) kasi ni kama 702 na nguvu ni jouli 880 hivi: nusu imekwisha. Mita 274, kasi ni kama 581 na nguvu jouli 600. Hizo ni namba za mtutu mrefu wa majaribio. Mtutu mfupi hupoteza takriban mita 8 hadi 15 kwa sekunde kwa kila inchi iliyopungua.

Upepo nao hauna huruma kwa kichwa chepesi. Upepo wa kando wa kilomita 16 kwa saa hukisogeza kichwa hiki sentimita 15 hivi kwenye mita 183. Eneo la moyo na mapafu la kulungu mkia-mweupe wa Amerika ni kama sentimita 20 kwa upana, na la kulungu wadogo wa Ulaya ni dogo zaidi. Kwa .223, mita 150 ni mpaka wa busara, mnyama akiwa ametulia na ubavu wake wote ukikuelekea. Lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi moja kutoka mstari wa tumbo. Mnyama aliyekuelekea kwa kifua au kwa pembe kali mwache. Kaliba kubwa ingeweza kupita bega na bado kufika, hii usiidai hivyo.

"Piga kichwani, kaliba haitakuwa na maana"

Ubongo ni mdogo na kichwa cha mnyama hakitulii. Ukikosea kwa sentimita chache umevunja taya, na kulungu mwenye taya lililovunjika hufa kwa njaa.

"Akikimbia, kichwa hakikufanya kazi"

Kulungu aliyetobolewa mapafu yote mawili anaweza kukimbia mita 50 hadi 100. Hilo hutokea hata kwa kaliba kubwa. Tofauti ni kwamba tundu dogo huacha damu chache, hasa kichwa kisipotokea upande wa pili. Kwa hiyo weka alama kichwani mwako mahali aliposimama na mahali alipopotelea, kisha subiri dakika 15 hadi 30. Damu nyekundu angavu yenye povu ni ya mapafu. Nyeusi-nyekundu isiyo na povu huelekeza kwenye ini, na chembe za majani zilizosagwa zina maana ya tumbo. Hapo subira ni ya saa kadhaa, maana ukimfuata mapema atainuka na kwenda mbali.

"Ikiwa inauzwa, inaruhusiwa"

Nchini Uingereza, England na Wales hudai kaliba isiyopungua inchi .240 kwa kulungu wengi, hivyo .223 inaruhusiwa kwa aina mbili ndogo tu, muntjac na kulungu-maji wa China. Ukivuka mpaka kuingia Uskoti, .223 ni halali kwa roe (kulungu mdogo wa Ulaya), mradi kichwa kina angalau greini 50 na kinatimiza kasi na nguvu iliyowekwa. Marekani, Virginia hudai .23 au zaidi na Colorado .24. Soma kanuni za mwaka husika na za eneo husika.

".223 na 5.56x45 ni kitu kimoja"

Kwa nje zinafanana kiasi kwamba 5.56, risasi ya kijeshi, huingia kwenye chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) ya .223 bila kukwama. Lakini chemba ya .223 ina nafasi fupi zaidi mbele ya kichwa, na shinikizo la 5.56 linaweza kupanda kupita kiasi. Angalia maandishi kwenye mtutu: ulioandikwa 5.56 hupokea zote mbili, ulioandikwa .223 Remington upewe .223 pekee.

Ukishachagua kichwa, nunua makasha ya toleo moja (namba ya toleo hupigwa chapa kwenye kasha), na usawazishe darubini upya hata kama uzito ni uleule wa zamani. Piga risasi tano kwa mita 100 ukiwa umeegemea. Zikikaa ndani ya sentimita 5 zinatosha kwa kazi hii. Ukitoka kwenye vichwa vya kawaida kwenda shaba tupu, safisha kwanza mtutu mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya kijani au buluu, kwa sababu mabaki ya koti la aina moja huweza kutawanya matundu ya aina nyingine. Kisha, siku nyingine, piga risasi ya kwanza mtutu ukiwa baridi na uone ilikaa wapi.