Nani anakula riba ya kikoba?

Kila Desemba naalikwa kwenye sherehe za kuvunja vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa vinapogawana fedha za mwaka. Huku kwetu Iringa ni leo Kilolo, kesho Mufindi. Tunakula wali na nyama ya mbuzi, kisha mgeni rasmi anasimama na kusema kikoba kimeondoa pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Nimefundisha vikundi hivi kwa miaka mingi, na hapo ndipo huwa nainamia sahani yangu. Kwamba kikoba kinaleta akiba, sibishi. Ila pengo kinaweza kulipunguza, na kinaweza kuliongeza pia, na katiba ya kikundi ndiyo inayoamua.

Mfumo wenyewe wengi mnaujua. Shirika la CARE liliuanzisha na wanawake wa Niger mwaka 1991, ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Kuna kasha lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kitabu kinachogongwa muhuri kwa kila hisa. Kila mkutano mtu hununua hisa moja hadi tano. Fedha zinakopeshwa, riba inarudi kasheni, na mwisho wa mwaka kila mtu anagawiwa kulingana na hisa zake.

Sasa tufanye hesabu. Hisa ni shilingi 2,000, mnakutana kila wiki. Mama anayeishi kwa vibarua ananunua moja kila mara: kwa wiki 52 ameweka 104,000. Mfanyabiashara wa mbao ananunua tano: 520,000. Mkivunja, tuseme hisa imepanda hadi 2,600. Mama anapata faida ya 31,200, mwenye mbao 156,000. Mpaka hapo ni haki, kila mtu na jasho lake.

Lakini faida hiyo imetoka wapi? Imetoka kwa waliokopa. Agosti yule mama alikopa 180,000 akodi shamba na kununua mbegu, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, miezi minne. Amelipa riba ya 36,000. Mwenye mbao hakukopa hata senti. Mama ametoka na hasara ya 4,800, na riba yake imekwenda kunenepesha gawio la jirani.

Niliwahi kuchora hesabu hii ubaoni kwenye kikundi kimoja cha Kilolo. Kimya. Kisha mama mmoja wa nyuma akanisalimu kwa Kihehe, kisha akauliza, "Kamwene mwalimu. Kwa hiyo mimi namlipa huyu baba kwa kukaa tu?" Wakacheka wote, isipokuwa huyo baba.

Msinielewe vibaya: riba ya kikoba bado ni nafuu kuliko kausha damu, wale wanaokukopesha leo na kesho wamebeba godoro lako. Swali langu ni nani anaifaidi riba hiyo.

Kikundi kile kilibadilisha mambo mawili. Kwanza, kikomo cha hisa kilishuka kutoka tano hadi tatu. Pili, na hili ndilo lenye uzito, nusu ya riba yote sasa inaingia mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, kabla ya kugawana.

Mfuko wa jamii vikundi vingi wanauchukulia kama wa kununulia soda za wageni. Huku kwetu ndio unaookoa ardhi. Mtoto anaugua, au kuna msiba, nyumbani hakuna kitu. Baba anauza ekari moja kwa mtu wa mjini anayetafuta pa kupanda misindano. Fedha inakwisha ndani ya miezi miwili. Misindano inakaa miaka kumi na zaidi, na mtoto yuleyule aliyetibiwa anakuja kufanya kibarua cha kupogolea miti kwenye shamba lililokuwa la baba yake. Mkopo usio na riba kutoka mfuko wa jamii, hata 100,000 tu, unaweza kuzuia mauzo hayo.

Kuna pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba: asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Sajilini kikundi muiombe. Ila kwa kawaida hamuwezi kuomba bila kikundi, na wengi wa walio hoi kijijini hawamo kwenye kikundi chochote, kwa sababu hiyo 2,000 ya kila wiki hawana. Kikundi kikikubali hisa ya 500, wataingia. Makatibu hulalamika kwamba mihuri itakuwa mingi. Nunueni wino.

Yule baba wa mbao? Nilidhani atajitoa. Mkutano uliofuata alikuja na kikokotoo chake, akaniomba nirudie hesabu taratibu, kisha akanunua hisa zake tatu na kukaa palepale.