Kwa nini mishipa huziba kwenye panda

Vijiweni Ngamiani, hapa Tanga, maradhi ya mishipa huelezwa kwa sentensi moja: "Mafuta yameganda ndani." Sasa mbona mafuta hayo, yanayozunguka mwili mzima, hayazibi kila mahali?

Dhana: Mshipa huharibika pale damu inapopita kwa nguvu

Hata baadhi ya wataalamu walidhani hivyo. Mwaka 1969 Colin Caro na wenzake, London, wakapendekeza kinyume chake: mafuta hujijenga pale damu inapousugua ukuta wa ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, kidogo mno. Utafiti wa baadaye umewaunga mkono.

Weka vidole viwili shingoni, kando ya koromeo, usikie mapigo. Karibu na hapo ateri hugawanyika na kufanya panda, tawi moja likielekea kwenye ubongo. Damu ya katikati hupita moja kwa moja, lakini inayoambaa ukuta wa nje wa panda hupunguza mwendo, huzunguka, hata kurudi nyuma kidogo kila moyo unapopiga. Ukuta huo wa nje ndio huugua. Aliyewahi kuutazama Mto Zigi ukikata kona anajua tope hutulia upande wa maji ya polepole.

Ila ateri ina uhai, na hilo ndilo linalonivutia zaidi. Seli za utando wake wa ndani huhisi msuguano. Damu ikipita vizuri, seli hujipanga kufuata mkondo na kutoa naitriki oksaidi, inayolegeza mshipa. Damu ikiyumba, mpangilio huvurugika, kolesteroli hupenya chini ya seli hizo, na chembe nyeupe za damu huifuata.

Dhana: Ndimu na kitunguu saumu huosha mishipa

Mafuta yamo ndani ya ukuta wenyewe, yamefunikwa na utando. Hakuna kinywaji cha kuyasuuza. Inaniuma sana mtu anapoacha dawa zake kwa ajili ya ndimu.

Dhana: Presha ni damu kwenda mbio

Presha husukuma ukuta kuelekea nje. Msuguano huambaa nao. Ni nguvu mbili tofauti. Presha ya kuanzia 140/90 huchosha mishipa yote, na sigara na kisukari huongeza madhara.

Dhana: Mwenye mishipa mibaya atulie tu

Ukitembea kwa haraka, tuseme hadi Raskazone, damu huongeza kasi na seli hutoa naitriki oksaidi zaidi. Mwenye maumivu ya kifua aanzie kwa daktari kabla ya kushika njia.