"Rilei inajikagua yenyewe": dhana inayozima breka zetu

"Rilei zetu ni za kidijitali, zinajikagua, hatuhitaji kuzipima." Nazungumzia rilei za ulinzi: kifaa kinachopima mkondo na kikiona shoti kinaamuru breka, ile swichi kubwa ya kukata umeme, ifunguke, yaani itripu. Kauli hiyo nimeshachoka kuisikia. Mameneja wa viwanda wanaisema, wakandarasi wanaisema, na siku hizi hata mafundi wa umeme wanaikariri wakati bajeti ya majaribio inapofutwa.

Ndani ya kisanduku chake rilei inajikagua kweli, tena saa zote. Prosesa inafuatiliwa isigande, kumbukumbu inahakikiwa, volti za pawasaplai zinapimwa, faili la setingi linachunguzwa kama halijaharibika. Tatizo kubwa likionekana, rilei inajitoa kazini na kuachia kontakti ya kengele. Sibezi hilo, ni maendeleo makubwa.

Ila ukaguzi huo unaishia humo humo. Kontakti inayopeleka volti 110 za DC kwenye koili ya breka (sumaku inayoifungua) kwa kawaida haijulikani kama ni nzima mpaka ifunge. Rilei haijui kama breka imekaa miaka bila kufunguka hadi grisi ikaganda. Ipo kazi ya kusimamia saketi ya kutripu, ambayo hupitisha mkondo mdogo kwenye koili kuona kama waya haujakatika. Washa, itumie, lakini hata hiyo haikuambii kama chuma kitasogea.

Na setingi je? Rilei inalinda faili lisiharibike, haiulizi kama ulichoandika kina akili. CT (transfoma ya mkondo, inayoipa rilei ampea ndogo za kupima) ni ya 400/1, wewe umeingiza 200/1, setingi zako ziko kwa ampea za upande wa msingi, yaani za laini yenyewe: rilei itaamini mkondo ni nusu ya ulivyo, itasubiri shoti iwe mara mbili ndipo itripu. Muda wote huo taa ya kijani inawaka. Huko Amerika Kaskazini, taarifa za NERC, shirika linalosimamia uthabiti wa gridi ya huko, zimekuwa zikitaja makosa ya setingi, mantiki na usanifu miongoni mwa sababu kuu za rilei kufanya kazi visivyo.

Linaloniudhi kuliko yote ni ile kontakti ya kengele. Imetengenezwa ili rilei ikifa, au ikikosa DC, iachie yenyewe na kupiga kengele. Fungua paneli uone: mara ngapi sehemu zake za kuunganishia waya ziko tupu! Rilei imejikagua, imegundua ugonjwa wake, imemwambia nani? Chumba kimefungwa kwa kufuli, na funguo anazo mtu aliye likizo.

Wanaopenda kunitajia "viwango vya Marekani" wavisome mpaka mwisho. PRC-005, kiwango cha NERC cha matengenezo ya ulinzi, inaruhusu rilei ya kidijitali inayosimamiwa ipimwe kila miaka 12 badala ya 6, kwa sharti kwamba kengele zake zinafika kwa mtu anayeweza kuchukua hatua. Hata hapo, koili ya breka lazima ithibitishwe kila miaka 6, iwe inasimamiwa au haisimamiwi.

Ushauri wangu ni ule ule, na wateja wangu wanaujua kwa moyo: kila mwezi, laini ikiwa na mzigo, linganisha ampea za rilei na za mita iliyo kwenye koa (kiini, "core") nyingine ya CT. Ni dakika chache, na uwiano uliokosewa unajianika wenyewe. Siku ya majaribio, acha rilei ifungue breka yenyewe. Fundi aliyechomoa waya wa kutripu akaridhika na taa kuwaka hajapima ulinzi, amepima taa.

Na ziko dhana nyingine ninazozisikia. "Rilei za zamani za diski haziharibiki." Zinaharibika kimya kimya. Vumbi, beringi, springi iliyolegea. Hazina kengele, kwa hiyo utajua siku ya kupima au siku ya shoti.

"Imetripu, basi ni mbovu." Soma kumbukumbu ya tukio kabla hujabonyeza kitufe cha kufuta. Ukirudisha breka juu ya shoti iliyopo, transfoma ndiyo italipa.

"Tuna rilei mbili, tuko salama mara mbili." Betri moja, koa moja ya CT, koili moja ya kutripu, na setingi zimenakiliwa kutoka moja hadi nyingine pamoja na makosa yake? Hapo una rilei moja uliyoinunua mara mbili.