Biti ya zege ikiwaka, usiichovye majini

Wiki hii wamepita dukani kwangu mafundi watatu. Kila mmoja kaja na biti ya zege (ya kutobolea kuta) iliyong'oka jino, yaani kile kipande kigumu cha nchani, na kila mmoja analalamika, "Bwana, umeniuzia feki." Nawauliza swali moja: ilipopata moto hadi kuwa nyekundu, uliifanyaje? Wote watatu: "Niliichovya kwenye ndoo ipoe, nikaendelea."

Hili nitalieleza kwa kirefu, maana ndoo inaua biti nyingi kuliko zege lenyewe.

Watu wanaamini maji huikaza biti, na imani hiyo ina asili yake. Mhunzi akifua patasi huipasha mpaka iwe nyekundu, akaitia majini, nayo ikakaza. Kwa chuma chenye kaboni ya kutosha ni kweli kabisa. Lakini jino la biti ya zege si chuma. Ni punje za kabaidi ya tungsteni zilizoshikanishwa kwa kobalti, zikashindiliwa na kuchomwa tanurini. Limetoka kiwandani na ugumu wake wote, na maji hayaliongezei chochote. Yanalipasua, kwa sababu nje linasinyaa ghafla huku ndani bado lina moto. Tena jino hilo limegandishwa kwenye mwili wa chuma kwa aloi ya fedha au shaba iliyoyeyushwa, na chuma hutanuka na kusinyaa kama mara mbili ya kabaidi kwa joto lilelile. Ukivichovya pamoja, mwili unavuta, jino halifuati, kiungo kinaachia. Pengine tundu hilo utalimaliza. La pili, jino linabaki ukutani.

Na kwa nini iliwaka? Biti inayotumiwa vizuri hupata joto, haifiki wekundu. Ikifika, ama umeiegemea kwa uzito wako wote, ama umeiendesha kasi mno, ama vumbi limejaa kwenye mifereji yake. Itazame ncha ya biti ya zege: ni butu. Haikati kama biti ya chuma, inaponda. Nyundo iliyo ndani ya drili ndiyo inayovunja zege. Mzunguko unalisogeza jino mahali papya na kutoa unga. Kwa drili ya SDS (ile yenye nyundo ya nguvu, ambayo biti huingizwa kwa kubofya tu) ndiyo kabisa, ukiikandamiza unaizuia nyundo isifanye kazi yake. Ishike imara, isukume kidogo tu, na kila sentimita mbili ivute nje ikiwa inazunguka ili vumbi litoke. (Vaa barakoa. Vumbi hilo lina silika, nayo huharibu mapafu.) Ikipata joto, iache izunguke hewani au ipumzishe uchukue nyingine. Mimi kila fundi namshauri anunue biti mbili za milimita 6, abadilishane.

"Basi nimwage maji tunduni?" Hapana. Unga unakuwa tope, tope linaziba mifereji, nawe umeshika mashine ya umeme. Maji ni ya biti ya almasi, kwenye marumaru.

Wengine husema: "Biti ya zege inatoboa chochote." Mpaka ikutane na nondo. Biti yenye makali mawili hunasa na kuvunjika jino. Yenye makali manne huvumilia zaidi, lakini nayo si ya kutobolea chuma. Mlio ukibadilika na vumbi likaacha kutoka, simama, sogeza tundu. Nondo ya nguzo au boriti usiiguse bila kumuuliza mhandisi.

"Ukuta wowote, washa nyundo." Hili linaniuma hasa ninapoona nyumba za Mji Mkongwe hapa Unguja. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, laini mno kwa nyundo. Ukizigonga, tundu linatanuka, lipu inabanduka vipande vipande, na plagi ya plastiki (ile inayoshika skrubu ukutani) inacheza ndani kama jino bovu. Zima nyundo, zungusha polepole, na anza na biti ndogo kuliko plagi yako. Mara nyingi hutahitaji zaidi ya hapo. Kwenye marumaru pia nyundo izimwe mpaka uipite, ndipo uiwashe ukifika kwenye zege la nyuma. Na kama ni marumaru ya poselini, kabaidi itateleza juu yake na kuchoka upesi. Tafuta biti ya almasi.

"Ikiwa butu nitainoa kwa jiwe la kawaida." Jiwe la kijivu la kunolea chuma litalika lenyewe na kuipasha biti moto. Kabaidi hunolewa kwa jiwe la kijani la silikoni kabaidi, au la almasi. Biti ya milimita 20 inastahili kazi hiyo. Ya milimita 6, nunua mpya.