Kabla Hujamkabidhi Mtu Pasipoti Yako: Nani Akusaidie Kwenye Suala la Uhamiaji

Maswali mengi ya uhamiaji yanayofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Dodoma hayahitaji wakili. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu wanauza mbuzi na kukopa kwenye vikoba ili wamlipe mtu kwa jambo ambalo ofisa wa Uhamiaji angewajibu bure dirishani.

Pasipoti mpya, viza ya ndugu anayekuja kutembea, kibali cha ukaazi daraja C cha mwanafunzi wa kigeni anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM): haya huombwa kwa mtandao, kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, na malipo hufanywa kwa kontro namba inayopeleka fedha moja kwa moja serikalini. Mtu akikwambia, "Nitumie kwenye simu yangu, mimi nitakulipia," usitume. Kama mtandao unakusumbua, nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa wako uulize. Ni haki yako kuuliza.

Suala la kazi ndilo linalowachanganya wengi, hasa tangu miradi mikubwa ilete wataalamu wa kigeni huku kwetu. Mgeni anayeajiriwa Tanzania Bara anahitaji vibali viwili. Kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 inayosimamia ajira za wageni. Kibali cha ukaazi, ambacho kwa mwajiriwa ni daraja B, hutolewa na Uhamiaji chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54. Ukiwa na kimoja bila kingine, bado hujakamilisha. Mwekezaji au mtu aliyejiajiri huangukia daraja A. Mfanyabiashara kutoka nchi jirani anayefuata mahindi kwenye soko la Kibaigwa naye akumbuke kwamba kuruhusiwa kuingia nchini hakumaanishi kuruhusiwa kufanya biashara yoyote. Amri ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya shughuli kadhaa, ikiwemo kununua mazao shambani kwa mkulima.

Kuhusu uraia, majibu mawili yanatosha kwa wengi. Kuolewa na Mtanzania hakumfanyi mgeni kuwa raia siku ya ndoa. Kunampa nafasi ya kuomba. Na Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, anapoteza wa Tanzania.

Sasa wakili anahitajika lini? Kibali kikikataliwa au kufutwa. Ukipewa notisi inayokutaja kuwa mhamiaji asiyetakiwa. Ndugu yako akikamatwa. Uraia wako ukitiliwa shaka ilhali umezaliwa na kukulia Kondoa au Manyoni. Hapo usiende peke yako, na usikae nyumbani ukisubiri mambo yapoe.

Shida ni kwamba hapo ndipo vishoka, yaani mawakili bandia, nao hujitokeza. Mama mmoja kutoka Kongwa alikuja kwetu na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na barua ya kumtetea mkwewe, raia wa kigeni, yenye muhuri mkubwa wa bluu na kichwa cha habari cha herufi nzito. Haikuwa na namba ya wakili, haikutaja kifungu chochote cha sheria, na jina la aliyesaini halikuwa kwenye daftari la mawakili. Fedha ilikuwa imeshakwenda. Kibaya zaidi, muda wa rufaa ulikuwa unayoyoma huku familia ikiamini kuna mtu anashughulika.

Kumtambua wakili wa kweli si kazi ngumu. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Lazima awe amekubaliwa na Jaji Mkuu, ameandikwa kwenye daftari la mawakili na ana leseni ya mwaka husika. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni uitwao e-Wakili, ambamo mtu yeyote anaweza kutafuta jina na kuona kama mhusika anaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili. Chama cha Mawakili Tanganyika nacho unaweza kukiuliza. Wakili wa kweli hachukii kukaguliwa, na akichukia, hiyo ni sababu tosha ya kuondoka.

Ukishamthibitisha, muulize uzoefu wake: amewahi kushughulikia rufaa ya kibali, au kazi zake ni za viwanja na mirathi? Mwombe makubaliano ya ada kwa maandishi, na risiti ya mashine ya kodi (EFD) kila unapolipa. Anayekuhakikishia kwamba kibali kitatoka kwa sababu "ana mtu wake ndani", mwogope. Kama huna uwezo wa kulipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa msaada wa bure. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Wasaidizi wa kisheria watakuelekeza vizuri, ila hawaruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba yako.

Wazazi wenye watoto ughaibuni pia hutuuliza kama wakili wa Dodoma anaweza kumsimamia kijana aliye matatani Marekani. Hawezi. Huko anayeruhusiwa ni wakili mwenye leseni ya jimbo lolote la Marekani, au mwakilishi wa shirika lisilo la faida aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya nchi hiyo. Kwetu anayegonga muhuri wa kiapo kwa kawaida ni wakili. Marekani mwenye muhuri wa namna hiyo mara nyingi si mwanasheria kabisa, na wageni wengi wameumizwa hapo kwa kumdhania kuwa wakili. Mahakama ya uhamiaji ya kule inamruhusu mtu kuwa na wakili, lakini serikali haimlipii. Kwa aliye Uingereza, mshauri wa uhamiaji asiye wakili lazima awe amesajiliwa na mamlaka inayosimamia ushauri huo.

Unapokwenda kumwona wakili, beba barua uliyopokea pamoja na bahasha yake, nakala za kurasa zote za pasipoti zenye mihuri, vibali vya zamani na risiti za malipo. Mwambie ukweli wote, hata ule wa siku ulizozidisha baada ya viza kuisha. Asilia ya pasipoti ibaki kwako, isipokuwa ofisi husika imeitaka, na ukiikabidhi dai hati ya mapokezi yenye jina, saini na tarehe.